Macho Yote Mawili kwa Siku Moja

Video iliingia saa tano usiku. Mzee anafunguliwa bandeji, anapepesa macho, anamtazama mtoto aliyesimama mbele yake, kisha anaangua kilio. Muziki unapanda. Maandishi makubwa ya njano yanajitokeza: seli shina, matibabu ya siku moja, macho yote mawili, bila kulazwa.

Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti. Siku hizi shangazi haandiki tena.

"Mwanangu, wewe ndiye msomaji wetu. Hebu niangalizie kama hii ni kweli. Na kama ni kweli, mbona hukuniambia?"

Niliusikiliza mara mbili. Sikujibu.

Kesho yake nilimpigia nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza habari za miguu, habari za usingizi, habari za majirani. Habari za macho nikazikwepa. Naye kwa adabu yake hakunikumbusha. Ukimya ule ndio ulionikera wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya tano.

## Anavyoona

Watu hudhani shangazi anaona giza. Haoni giza. Ukikaa mbele yake anayaona masikio yako, mabega yako, na dirisha lililo nyuma yako. Asichokiona ni uso. Katikati ya kila anachokitazama pamekaa doa, na doa lenyewe humfuata popote anapoelekeza macho.

Kwa hiyo amejifunza kutazama pembeni. Akitaka kukuona, anaangalia sikio lako au ukuta ulio kando yako. Wageni hudhani anawadharau.

Ni ugonjwa wa makula, kile kidoa kidogo cha katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, tunachokitumia kusoma na kutambua sura. Wake ni ile aina kavu. Seli zinakufa taratibu, na daktari wake alishamwambia waziwazi kwamba hakuna dawa ya kurudisha zilizokwisha kufa.

Sasa mwambie mtu kama huyo kwamba video ni ya uongo. Ni rahisi, sivyo? Ndivyo nilivyofikiri na mimi, mpaka nilipokaa kulitafuta jibu la kumpa.

Tatizo ni kwamba seli shina, zile seli changa zinazoweza kuzaa seli mpya, kwa ajili ya macho ni jambo la kweli. Kuna mtu aliyelitumikia maisha yake yote ya kazi. Matapeli wenye akili hawatungi kitu kutoka hewani, huazima ukweli wa mtu mwingine na kuondoka nao bila kuaga.

Nikaona kabla sijamjibu shangazi, nimjue mwenye mali.

## Daktari wa macho kati ya watu wa ubongo

Masayo Takahashi alizaliwa Osaka mwaka 1961, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1986, akawa daktari wa macho. Angeweza kuishia hapo, na maisha yangekuwa mazuri tu.

Katikati ya miaka ya 1990 mumewe, Jun Takahashi, daktari wa upasuaji wa ubongo, alikwenda kufanya utafiti kwenye Taasisi ya Salk, California, katika maabara ya Fred Gage. Naye akaenda. Maabara ile ilikuwa imezama katika swali lililoonekana la kichaa wakati huo: je, ubongo wa mtu mzima unazo seli shina? Wote pale walikuwa wanawaza ubongo. Yeye aliwaza jicho.

Lakini hakuwa mbali nao kama inavyoonekana. Retina ni kipande cha ubongo kilichotoka nje kuchungulia dunia. Mtoto akiwa bado tumboni, ubongo wake huchomoza vifuko viwili, na kutoka humo ndimo retina hutengenezwa.

Basi walichukua seli shina kutoka kwenye ubongo wa panya wazima, wakazipandikiza kwenye macho ya panya wachanga. Utafiti ulichapishwa mwaka 1998. Seli ziliingia, zikakaa mahali pake, zikajifananisha na majirani. Ila hazikukamilika kuwa seli za kupokea mwanga. Zilivaa sare bila kuijua kazi.

Hapo ndipo waandishi wengi huruka. Wanatoka California moja kwa moja hadi kwenye ushindi, na katikati wanaweka neno "baada ya miaka ya juhudi". Mimi hiyo miaka ndiyo ninayoitaka. Mwaka 2004, akishirikiana na akina Yoshiki Sasai, waliweza kupata seli za nyuma ya retina kutoka kwenye seli shina za viinitete, yaani mimba changa kabisa, vya nyani. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuja na milima miwili: kiinitete kinaharibiwa ili kupata seli, na mwili wa mgonjwa huweza kuzikataa kwa kuwa si zake.

Milima hiyo ililainishwa na mtu mwingine. Shinya Yamanaka, Kyoto, alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba ukiiingizia seli ya ngozi jeni nne tu, inasahau kwamba iliwahi kuwa ngozi na kurudi utotoni. Ndizo zinazoitwa seli za iPS. Kutoka hapo unaweza kuilea upya iwe unachotaka. Tuzo ya Nobeli ya tiba ya mwaka 2012 aliipata pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Kwa Takahashi maana yake ilikuwa moja. Ngozi ya mgonjwa mwenyewe ingeweza kuwa jicho la mgonjwa mwenyewe.

## Alichagua yaya

Nilidhani hatua inayofuata ni kutengeneza seli zinazoona. Hakufanya hivyo, na uamuzi huu nimeuzunguka kichwani kuliko kitu kingine chochote katika safari yake.

Nyuma ya seli zinazopokea mwanga kuna tabaka moja jembamba la seli za rangi ya kahawia. Zenyewe hazioni. Kazi yake ni kuzilisha zile zinazoona, kuzifagilia taka, na kuzikinga. Zikifa, walelewa nao hufuata. Katika ugonjwa wa makula, hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Takahashi alianza na hizo. Aliwaacha wanaoona, akaanza na yaya wao.

Ukiziangalia sababu zake, unaona akili ya daktari aliyewahi kukaa chumba kimoja na mgonjwa. Hofu kubwa ya seli za iPS ni uvimbe: seli iliyorudishwa utotoni ikibaki mtoto ndani ya mwili, huota ovyo. Kwenye ini au moyo, utajua umechelewa. Kwenye jicho, daktari anachungulia kupitia mboni na kuona kila kitu, na kikiota kitu anaweza kukichoma kwa leza. Seli zinazohitajika ni chache. Na zile za kahawia zina rangi, kwa hiyo kwenye sahani ya maabara zinajitangaza zenyewe, iliyopotoka inaonekana imepauka katikati ya wenzake.

Maana yake, alichagua mahali ambapo akikosea atajua mapema.

Sijawahi kusikia tangazo la tiba likianza na sentensi hiyo.

## Kiangazi cha 2014

Ruhusa ya wizara ya afya ya Japani ilipatikana mwaka 2013. Mwaka uliofuata ulikuwa uwe wa furaha kwenye kituo cha taasisi ya RIKEN, Kobe, alikofanya kazi. Januari, watafiti wa kituo hichohicho walitangaza kwamba hakuna haja hata ya jeni nne: seli za kawaida ukizitia tu kwenye asidi hafifu, zinarudi utotoni. Dunia ikashangilia.

Haikuwa kweli. Wengine walijaribu, haikuwezekana. Picha zilikutwa zimechezewa. Kufikia Julai makala zote mbili za ugunduzi huo zilikuwa zimefutwa.

Takahashi hakuhusika, lakini fikiria ulivyo ujirani. Wewe unangoja kumpandikiza mtu wa kwanza duniani seli za aina hii, na kwenye jengo lilelile jina la seli shina limekuwa kichekesho cha magazeti. Mwezi huo wa Julai aliandika hadharani kwamba maadili ya taasisi yake yamemshinda kuvumilia, na kwamba anafikiria kusimamisha jaribio. Baadaye akafafanua kwamba mgonjwa aliyekwisha kuandaliwa hataachwa.

Agosti, Sasai, yule aliyeshirikiana naye tangu enzi za seli za nyani, alijitoa uhai. Uchunguzi wa kashfa ile ulikuwa umemkuta hana hatia ya kughushi, isipokuwa alishindwa kusimamia aliowajibika kuwasimamia.

Sina la kuongeza hapo.

Upasuaji ulifanyika Septemba 12.

## Milimita tatu

Mgonjwa alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 70, mwenye ile aina nyingine ya ugonjwa, ya vishipa vya damu vinavyoota chini ya retina na kuvuja. Alishachomwa sindano nyingi za macho na bado uoni wake uliendelea kushuka. Walimchukua kipande cha ngozi, wakazirudisha seli utotoni, wakazilea miezi kadhaa hadi zikawa karatasi ya kahawia. Kilichoingizwa kwenye jicho kilikuwa na upana wa milimita 1.3 na urefu wa milimita 3.

Jicho moja. Lile bovu zaidi.

Na kabla ya hapo alikuwa ameambiwa kwamba lengo la kwanza ni kupima usalama. Asitarajie kusoma gazeti. Kama kuna seli za kuonea zilizokufa, yaya mpya hawezi kuzifufua.

Mwaka mmoja baadaye karatasi ile ilikuwa bado hai mahali ilipowekwa. Hakukuwa na uvimbe. Uoni wake haukuwa bora kuliko mwanzo, wala haukuwa mbaya zaidi.

Nilisoma sentensi hiyo nikawaza: miaka ishirini, kwa ajili ya "haukuwa mbaya zaidi"? Kama ningekuwa mhariri wa video, ningeitengenezea muziki gani?

Kulikuwa na mgonjwa wa pili. Ngozi yake ilichukuliwa, seli zikaandaliwa, kisha zilipokaguliwa zikakutwa na mabadiliko ya vinasaba. Hakuna aliyethibitisha kwamba mabadiliko yale yangeleta saratani. Hayo hayakuwashawishi kuendelea. Hawakumpandikiza.

Huyu wa pili simsahau. Alitoa ngozi yake, akangoja miezi, kisha akaambiwa hapana. Video za kumwonyesha yeye hakuna.

## Toleo moja

Sasa nifike kwenye kilichoninyima usingizi.

Matokeo ya mgonjwa yule wa Kobe yalichapishwa Machi 16, 2017, katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Toleo hilohilo, tarehe hiyohiyo, lilikuwa na makala nyingine kuhusu seli shina na ugonjwa uleule wa makula. Nilidhani ni ya kundi shindani. Nikaifungua.

Ilikuwa ripoti ya wanawake watatu wa Marekani, wenye umri kati ya miaka 72 na 88. Kila mmoja alilipa dola 5,000 kwenye kliniki moja ya Florida. Walinyonywa mafuta ya mwili, mafuta yakachakatwa, kinachoitwa seli shina kikatolewa humo na kudungwa ndani ya macho. Shughuli nzima haikufika saa moja. Angalau mmoja wao aliamini yumo kwenye utafiti halali, kwa sababu tiba hiyo iliorodheshwa kwenye tovuti ya serikali inayosajili majaribio ya tiba. Majaribio ambayo mgonjwa hulipia. Hilo peke yake lilipaswa kumshtua mtu, lakini nani alimfundisha?

Retina zilibanduka. Damu ikavuja ndani ya macho. Mwaka mmoja baadaye, macho yaliyokuwa na nafuu kuliko mengine yalikuwa kwenye kiwango ambacho Wamarekani hukihesabu kuwa upofu kisheria, na yaliyoumia zaidi hayakuona hata mwanga.

Wanawake hao walikuwa wameingia kliniki wakiona. Si vizuri, lakini wakiona.

Nikarudi nyuma kusoma tena sentensi moja niliyoipita haraka. Walidungwa macho yote mawili, siku moja.

Nikafungua simu. Nikatafuta video ya shangazi. Maandishi ya njano.

Kiswahili kina neno kiinimacho, na sijawahi kuliona likikaa mahali pake kuliko usiku ule.

Daktari wa macho aliyelelewa kazini huwa hapeleki hatari mpya kwenye macho yote mawili kwa pamoja. Si sheria ngumu ya sayansi, ni busara ya kawaida: ukikosea, mtu abaki na jicho la kumrudisha nyumbani. Kobe walifanya jicho moja, na lile bovu zaidi, baada ya miaka ya panya na nyani. Florida walifanya mawili kwa muda usiofika saa. Mgonjwa asiyejua atasema Florida ndio wakarimu.

## Rasimu niliyoifuta

Hapa nilikuwa nimeandika sehemu ndefu ya kusifu subira. Ilikuwa na methali tatu. Nimeifuta yote.

Niliifuta kwa sababu nilijisikia nikiisoma kwa sauti mbele ya shangazi, na ikanichoma. Subira ni rahisi kwa anayeona. Mimi naweza kungoja jaribio la kumi, kwa kuwa nitaamka kesho na nyuso zote zikiwa mahali pake. Kwake kila mwaka wa uangalifu wa wanasayansi una gharama, na anailipa yeye kwa seli ambazo hazitarudi. Mfa maji haachi kutapatapa, na si haki kumcheka anayetapatapa ukiwa umekaa ufukweni.

Nadhani Takahashi mwenyewe analijua hilo. Mwaka 2017 alirudi na jaribio lingine, safari hii kwa seli za watu wengine zilizoandaliwa mapema na kulinganishwa na mgonjwa ili mwili usizikatae, maana kulea ngozi ya kila mgonjwa peke yake ni kazi ya miezi na hela nyingi. Mwaka 2019 akaondoka RIKEN, akaenda kuongoza kampuni, Vision Care. Wapo waliokunja uso kusikia mtafiti ameingia kwenye biashara. Mimi nausoma uamuzi huo kama wa mtu aliyechoka kuona maabara zikijivunia makala huku wagonjwa wakizeeka. Uangalifu ni jambo moja, kukawia ni jingine, na mstari kati yao hauonekani vizuri hata kwa mwenye macho mazima. (Mumewe, kwa njia yake, aliishia hapohapo: mwaka 2018 timu yake Kyoto ilianza kupandikiza seli za iPS kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Wagonjwa saba, na matokeo yakatoka mwaka 2025.)

Ila kuna jambo lake moja ambalo halizungumzwi sana, nami nalipenda kuliko upasuaji wenyewe. Mwishoni mwa 2017 kilifunguliwa Kobe kituo cha macho alichokipigania, na ndani yake, pamoja na hospitali na utafiti, kuna mahali panapoitwa Vision Park. Pale hapapandikizwi kitu. Mtu mwenye uoni hafifu anaonyeshwa vifaa vya kusomea, namna ya kutembea na kufanya kazi kwa macho aliyobaki nayo.

Mtu anayeshika tiba inayosubiriwa na dunia nzima amejenga mahali pa kuwafundisha watu kuishi bila kuisubiri.

## Nilivyomjibu

Nilikwenda mwenyewe. Mambo haya hayasemwi kwa simu.

Nilimwambia yote, hata ya Florida, ingawa nilikuwa nimejiapiza nisimtishe. Nilimwambia pia lile gumu zaidi: kwamba hata ile ya kweli, ya Kobe, ilikuwa kwa aina nyingine ya ugonjwa, na kwamba yake hii kavu bado watu wanaitafutia njia.

Alinisikiliza akiutazama ukuta ulio kando yangu, maana yake alikuwa ananiangalia mimi.

"Yule mama wa Kijapani," akasema, "walimwambia tangu mwanzo kwamba hatapona?"

"Walimwambia asitegemee kuona vizuri zaidi, shangazi."

"Na akakubali."

"Akakubali."

Akanyamaza kitambo.

"Na yule wa pili, waliyemkatalia. Alirudi nyumbani na macho yake?"

"Alirudi nayo kama yalivyokuwa."

"Wiki tano, mwanangu," akasema. "Wiki tano ulikuwa unaniuliza habari za miguu."

Nikaomba radhi. Akanipa simu yake, akaniambia nimkuzie maandishi, yale makubwa kabisa, maana mjukuu aliahidi kufanya hivyo na hakufanya. Nikayakuza mpaka kioo kikawa kinabeba maneno manne tu. Akaisogeza simu pembeni ya uso, upande wa kushoto ambako anaona, akapitisha kidole taratibu hadi kwenye ile video. Mzee akafunguliwa bandeji tena. Aliitazama hadi mwisho, bila sauti, kisha akaifunika simu juu ya mapaja.

Sikumwona akiifuta.